Mstari wa Tano

Kuna kisanduku cha kupozea soda ambacho madereva wa safari ndefu hukichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Hakina injini wala gesi, na sauti yake yote ni ya kifeni kidogo. Ndani yake mna kibamba chenye vipande vya teluridi ya bismuti: umeme ukipita, upande mmoja wa kibamba unapoa na wa pili unapata joto. Walioonyesha uwezo huo wa teluridi ya bismuti ni Julian Goldsmid na mwenzake R. W. Douglas, katika maabara za kampuni ya GEC huko Wembley, London, mwaka 1954.

Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 50, fuwele hizo zilikatwa, zikasagwa, zikachanganywa na seleni na antimoni, na ukinzani wake ukaandikwa kwenye majedwali marefu. Karibu vipimo vyote hivyo vilihusu tumbo la fuwele. Usoni mwake waliangalia wachache, na hao wachache hawakujua watafute nini.

Si kwamba wanafizikia hawakujua kuwa uso una mambo yake. Mrusi Igor Tamm alikuwa ameonyesha kwa hesabu mwaka 1932 kwamba elektroni zinaweza kunaswa pale fuwele inapoishia, na mwaka 1939 William Shockley akaongeza ya kwake. Lakini elektroni za usoni zilionekana kuwa kero. Shockley mwenyewe alipojaribu kutengeneza kifaa cha kukuza umeme miaka ya 1940, jaribio lilikataa, na John Bardeen ndiye aliyekuja kueleza kwamba elektroni zilizonaswa usoni zilikuwa zinauzuia uga wa umeme usiingie ndani. Juu ya hayo, elektroni hizo hazikuwa za kutegemewa. Uso ukishika kutu au ukifunikwa na gesi, hali zake zinabadilika au zinapotea kabisa. Nani angejenga nyumba juu ya kitu kama hicho?

Jibu lilianza kuja kutoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akizungumzia bismuti. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1980, katika maabara ya sumaku kubwa huko Grenoble, Ufaransa, Mjerumani Klaus von Klitzing alikuwa akipima ukinzani wa utando mwembamba wa elektroni ndani ya transista ya silikoni. Elektroni zikiongezwa kwenye utando huku sumaku ikikaa palepale, ukinzani ulipaswa kushuka taratibu. Badala yake ulishuka kwa ngazi, na kila ngazi ilikuwa tambarare kama sakafu: omu 25,812.8 zikigawanywa kwa 1, kwa 2, kwa 3, kwa 4. Sampuli iwe chafu au safi, pana au nyembamba, namba haikujali. Mwaka 1982 David Thouless na wenzake watatu walieleza sababu ya ukaidi huo. Namba hizo kamili zinatoka kwenye topolojia, tawi la hesabu linaloshughulika na sifa za umbo ambazo hazibadiliki umbo likivutwa au kubonyezwa.

Anayesuka mkeka ataelewa haraka kuliko mhandisi. Chukua kipande cha ukili, uziunganishe ncha zake mbili. Ukiziunganisha sawasawa unapata duara la kawaida, lenye upande wa ndani na upande wa nje. Ukipindua ncha moja kabla ya kushona, unapata kitu kingine: tembeza kidole juu ya utepe huo na kitarudi pale kilipoanzia kikiwa upande wa pili, bila kuvuka ukingo. Uloweshe ukili huo, uukunje, uuvute utakavyo. Msokoto haupungui hata kidogo. Utaondoka siku utakapofumua ule mshono.

Sasa mfikirie kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kama jengo la ghorofa mbili: ya chini imejaa elektroni, ya juu ni tupu, na ngazi hakuna. Nafasi kati ya ghorofa hizo wanafizikia huiita pengo la nishati. Katika vihami vya kawaida, glasi kwa mfano, elektroni zimepangika kama ukili ulioshonwa sawasawa. Katika vihami vingine zimepangika kama ule wenye msokoto. Nje ya fuwele, kwenye hewa au ombwe, hakuna msokoto. Basi pale viwili hivyo vinapokutana, yaani usoni, mshono lazima ufumuke: pengo linazibika, ngazi inatokea, na umeme unapita. Tumbo linakataa umeme, ngozi inaupitisha, na ngozi haina hiari katika jambo hilo.

Hayo ya tumbo na ngozi hayakuandikwa kwa siku moja. Warusi Volkov na Pankratov walikuwa wamekokotoa mwaka 1985 kwamba mahali vinapokutana nusu-vipitishi viwili vilivyopangika kinyume patatokea elektroni zinazokwenda kana kwamba hazina uzito. Kazi yao ikakaa kimya. Mwaka 2005 Charles Kane na Eugene Mele wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba msokoto unaweza kuwepo bila sumaku yoyote, ukiletwa na spini ya elektroni, ile tabia yake ya kuwa kama kisumaku kidogo kinachoelekea juu au chini, inapofungamana na mwendo wake. Walitumia mfano wa grafini, tabaka moja la kaboni. Bahati mbaya kaboni ni nyepesi mno, na mfungamano huo hukolea kwenye atomi nzito. Mwaka uliofuata Andrei Bernevig, Taylor Hughes na Shoucheng Zhang huko Stanford wakapendekeza kitu kizito zaidi: utando wa teluridi ya zebaki uliobanwa kati ya tabaka mbili za kadmi na teluri. Ukiwa na unene chini ya nanomita 6.3 hivi, walisema, utakuwa wa kawaida. Ukizidi hapo, una msokoto.

Mji wa Würzburg, Ujerumani, una historia na mambo ya namna hii. Ndipo Röntgen alipogundua eksirei mwaka 1895, na ndipo von Klitzing alipopata udaktari wake. Kundi la Laurens Molenkamp hapo lilikuwa miongoni mwa machache duniani yaliyojua kutengeneza tando hizo za zebaki. Mwaka 2007 walitangaza matokeo, yaliyopimwa kwenye joto la nyuzi 0.03 tu juu ya sifuri kamili. Sampuli nyembamba zilikataa umeme. Zile nene ziliupitisha, na kwa kiasi kilekile hata upana wa sampuli ulipopunguzwa nusu. Umeme usiojali upana unapita wapi, kama si ukingoni?

Lakini utando una kingo tu, na kingo ni mistari. Mwaka mmoja kabla, 2006, makundi matatu ya wananadharia yalikuwa yameonyesha, kila moja kivyake, kwamba msokoto unaweza kuwepo hata kwenye kipande kizima cha fuwele, chenye urefu, upana na kina, na kwamba hapo uso wote ndio utakaopitisha umeme. Joel Moore na Leon Balents wakakipa kitu hicho jina lililobaki: kihami cha kitopolojia. Liang Fu na Kane wakataja hasa pa kuchimba: aloi ya bismuti yenye antimoni kidogo.

Hapa nataka nisimame, maana hesabu iliyofuata ni rahisi kuliko hadithi zake zinavyoifanya. Chora grafu. Mstari wa mlalo ni mwendo wa elektroni juu ya uso wa fuwele. Wa wima ni nishati yake. Kuna pointi mbili maalumu kwenye mlalo, wanafizikia huziita Gama na M, ambako sheria za fizikia zinalazimisha mistari ya elektroni ikutane miwilimiwili. Kati ya pointi hizo mistari iko huru kupanda na kushuka. Sasa piga mstari mmoja wa kulala, mahali elektroni zilipojaa hadi mwisho, kama alama ya maji kwenye pipa. Hesabu mistari ya usoni inaikata alama hiyo mara ngapi ukitoka Gama kwenda M. Ikiwa ni shufwa, mara mbili au nne, basi uchafu au kutu vinaweza kuisukuma mistari yote juu au chini ya alama, na uso ukabaki kihami. Ikiwa ni witiri, hata uifanye nini fuwele, almradi usiitie sumaku, mmoja utabaki. Suala zima la kihami cha kitopolojia liliteremka hadi kwenye swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angelijibu: ni witiri au shufwa?

Ila mtoto huyo angehitaji kwanza kuiona mistari.

Njia ya kuiona ni ya zamani. Heinrich Hertz aliigusa mwaka 1887 alipogundua kwamba mwanga wa urujuanimno unaurahisishia umeme kuruka kama cheche kutoka kwenye metali, na Einstein akaeleza sababu mwaka 1905: chembe moja ya mwanga huing'oa elektroni moja. Ukiupima mwendo wa elektroni iliyong'olewa na pembe iliyotokea, unaweza kurudi nyuma kwa hesabu ukajua ilikuwa na nishati gani na ilikuwa ikielekea wapi ilipokuwa bado ndani. Msweden Kai Siegbahn alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1981 kwa kuupeleka upimaji wa elektroni kama hizo kwenye usahihi mkubwa. Tatizo la njia hiyo ndilo likawa faida yake: elektroni inayotoka zaidi ya nanomita moja hivi chini ya uso hugongana na wenzake njiani na kupoteza habari zake. Zinazofika salama kwenye kipimo zimetoka kwenye ngozi.

Kwa hiyo ngozi iwe safi, na neno safi hapa lina uzito wake. Kwenye pampu ya kawaida, hata hewa ikipunguzwa hadi sehemu moja ya bilioni ya ile tunayovuta, uso mpya wa fuwele hufunikwa na tabaka zima la gesi kwa muda wa sekunde moja hivi. Inabidi hewa iendelee kunyonywa hadi ibaki chini ya sehemu moja ya trilioni kumi. Hapo unapata saa kadhaa, pengine siku.

Na uso mpya unapatikanaje ndani ya chombo cha chuma ambacho mkono hauingii? Fuwele, ambayo haizidi milimita chache, hugandishwa kwa gundi ya epoksi juu ya kibao cha shaba. Juu yake hugandishwa kijiti cha seramiki, kikasimama kama mlingoti. Vyote huokwa mpaka gundi ikakauka, vikaingizwa ndani, na pampu zikaachwa zifanye kazi yake. Wakati ukifika, mtafiti anachungulia kwenye kidirisha cha glasi, anasukuma fimbo ndefu iliyopita kwenye ukuta wa chombo, na kukigonga kijiti ubavuni. Kijiti kinaanguka na tabaka la juu la fuwele. Kinachobaki kwenye shaba kikimetameta kama kioo, siku imeanza vizuri. Kikiwa na makunyanzi, toa, rudia, na saa za mwanga ulizopangiwa zinaendelea kuhesabiwa.

Mwanga wenyewe hauji kutoka kwenye taa. Juu ya mlima wa Berkeley, California, kuna jengo lenye kuba lililojengwa kwa ajili ya saiklotroni kubwa ya Ernest Lawrence. Tangu mwaka 1993 mna sinkrotroni, pete yenye mzingo wa karibu mita 200 ambamo elektroni huzunguka karibu kwa kasi ya mwanga. Kila sumaku inapozipindisha, hutoa miale mikali. Pembezoni mwa pete makundi ya watafiti hupangiwa siku zao, na mwanga ukiwaka usiku hakuna anayelala. Kundi la Zahid Hasan, mzaliwa wa Dhaka aliyekuwa akifundisha Princeton, lilifika hapo likiwa na fuwele zilizokuzwa Princeton kwenye maabara ya mkemia Robert Cava: sehemu tisa za bismuti kwa moja ya antimoni. Mwanafunzi aliyeongoza kazi hiyo aliitwa David Hsieh.

Walianza kwa kutenganisha ngozi na tumbo. Walibadilisha nishati ya mwanga mara kwa mara: mistari ya tumboni husogea nishati ikibadilishwa, ya usoni hukaa palepale. Iliyokaa ndiyo iliyohesabiwa. Makala yao yalitoka kwenye jarida la Nature tarehe 24 Aprili 2008, na jibu lilikuwa tano.

Tano hiyo ina utata ambao simulizi nyingi huupita haraka. Mojawapo ya makutano yale lilihesabiwa mara mbili, kwa hoja kwamba ni mistari miwili iliyolaliana. Bila hoja hiyo ni nne, na nne ni shufwa. Msokoto wote unafumuka. Sisemi kwamba walikosea. Ninachosema ni kwamba ugunduzi ulioanzisha tawi zima la fizikia ulisimama kwa muda juu ya mstari ambao jicho halikuuona peke yake.

Wao wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana hawakukaa. Mistari iliyolaliana inaweza kutenganishwa ukizichuja elektroni kwa spini. Katika sinkrotroni ya Uswisi, huko Villigen, palikuwa na kipimo kinachozirusha elektroni kwenye utando mwembamba wa dhahabu: zenye spini ya upande mmoja huruka zaidi kushoto, za upande wa pili kulia. Kazi hiyo inakula muda, kwa sababu elektroni nyingi mno hupotelea kwenye dhahabu na chache sana hurudi zikahesabiwa. Mwaka 2009 kundi la Hasan lilionyesha kwamba mistari ile ina spini kweli, na kwamba elektroni ikizunguka nukta ya Gama, spini yake inazunguka pamoja nayo. Mwaka 2010 watafiti wa Japani wakiwa na kipimo chenye jicho kali zaidi walifuata mistari ya aloi hiyohiyo mmoja baada ya mwingine, wakakuta mstari wa spini moja unaokata alama mara moja tu. Witiri tena, safari hii bila kuhesabu kitu mara mbili.

Wakati huo tayari watu walikuwa wamehama. Aloi ya bismuti na antimoni ilikuwa na pengo dogo na mistari mingi, kama nywele zisizochanwa. Mwaka 2009 kundi la Princeton lilitangaza selenidi ya bismuti: uso wenye mstari mmoja tu wa elektroni, unaopanda ukitengeneza umbo la pia mbili zilizogusana ncha, na pengo la elektronivolti 0.3, zaidi ya mara kumi ya nishati ya joto la chumbani. Wananadharia wa China na Stanford walifikia fuwele hiyohiyo kwa hesabu, na makala yote mawili yakatoka kwenye toleo moja la jarida moja. Muda mfupi baadaye Yulin Chen, Zhi-Xun Shen na wenzao wa Stanford wakaonyesha pia hiyohiyo kwenye fuwele nyingine. Nayo ilikuwa teluridi ya bismuti, ileile ya Wembley, ileile ya kisanduku cha soda. Si ajabu ukifikiria: atomi nzito na pengo dogo ndivyo vinavyoifanya ipoze vizuri, na ndivyo pia vinavyoupinda mpangilio wa elektroni zake.

Magazeti yaliandika habari za barabara za umeme zisizo na upotevu. Walichokuwa wameona hasa Ali Yazdani na wenzake wa Princeton mwaka huohuo, kwa darubini yenye ncha kali inayoona atomi mojamoja, ni kwamba elektroni za usoni zikikutana na uchafu hazirudi moja kwa moja zilikotoka, kwa kuwa zikigeuka nyuma lazima zipindue spini, na uchafu usio wa sumaku hauwezi kuipindua. Kuchepuka upande kunaruhusiwa, na elektroni huchepuka. Hiyo si barabara isiyo na upotevu.

Aibu kubwa zaidi ilikuwa tumboni. Vihami hivi havikuwa vihami. Selenidi ya bismuti inapopikwa, seleni hutoroka kama mvuke na kuacha matundu, na kila tundu linaacha elektroni mbili zinazozurura ndani. Kipima mwanga kiliona ngozi peke yake na kufurahi. Kipima ukinzani wa kawaida kilimezwa na tumbo. Cava alitia kalisi kidogo ili inyonye elektroni hizo. Mwaka 2010 kundi la Yoichi Ando huko Osaka lilipanga teluri na seleni kwa zamu katika tabaka za fuwele moja, na hatimaye tumbo likaanza kukataa umeme kwa dhati.

Njia nyingine ilikuwa kupunguza tumbo lenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, kundi la Qi-Kun Xue halikupasua fuwele. Lilizijenga, kwa kunyunyizia atomi kwenye ombwe tabaka baada ya tabaka, hadi utando wa nanomita 5 hivi wa bismuti, antimoni na teluri. Kisha wakatia kromi, metali yenye usumaku, ili sumaku itoke ndani ya utando badala ya nje. Mwaka 2013 Cui-Zu Chang na wenzake walitangaza kilichotokea utando ulipopozwa hadi nyuzi 0.03 juu ya sifuri kamili. Sumaku ya nje ilizimwa kabisa. Ukinzani ulipanda, ukasimama kwenye sakafu tambarare, na sindano ikasoma omu 25,812.8.